Sindano Mbili kwa Utumbo Mkaidi

Msikilizaji, kuhara damu miezi nenda miezi rudi si lazima iwe amiba. Huenda ni kolitisi ya vidonda: kinga ya mwili inaushambulia utumbo mpana. Wengi hutulizwa na vidonge. Wengine huhitaji sindano za kibayolojia, na wapo ambao hata hizo hazifui dafu kwao.

Je, wakipewa mbili kwa pamoja? Utafiti wa VEGA, uliochapishwa 2023, uliwahusisha wagonjwa 214 na kujaribu dawa mbili. Golimumab huzuia kichochezi cha uvimbe kiitwacho TNF; guselkumab huzuia kingine, IL-23. Baada ya wiki 12, asilimia 83 ya waliopewa zote mbili walipata nafuu; kwa guselkumab peke yake ni 75, na kwa golimumab peke yake 61. Tusishangilie mapema: hao hawakuwa wamewahi kutumia dawa za kuzuia TNF, kwa hiyo si wale sugu kupindukia. Na gharama? Moja tu huwatoa watu jasho.

Kwetu kuna jambo zito zaidi. Dawa za kuzuia TNF zaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Kabla ya sindano ya kwanza, mwombe daktari kipimo cha TB, picha ya kifua na kipimo cha homa ya ini aina ya B.