Kinachoshikilia Buti na Boneti
Mazungumzo na wenye magari, Tabora



Katika karne ya 19 mizigo ya Unyanyembe ilisafiri mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi hadi pwani. Reli ilipofika hapa mwaka 1912, mizigo hiyo ikahamia kwenye mabehewa. Siku hizi ndoo ya asali au gunia la karanga husafiri katika buti la gari. Leo tunazungumzia mzigo ambao wengi wetu hatuuhesabu: uzito wa mlango wa buti lenyewe, unaoning'inia juu ya kichwa cha mtu anayepakia.

Boneti ya magari mengi madogo hushikiliwa na ufito wa chuma unaochomekwa kwenye tundu lake. Ufito huo haupotezi nguvu, ila hudhuru usipoingia sawasawa au tundu likilegea. Milango ya buti inayofunguka kwenda juu, pamoja na baadhi ya boneti, hushikiliwa na silinda mbili za gesi, ambazo mafundi wengi huziita shokapu za buti. Ndani ya kila silinda mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa na mafuta kidogo. Gesi husukuma ufito nje. Mafuta hupunguza kasi na kulainisha mpira unaozuia gesi isitoke. Mpira huo ukichakaa, gesi huvuja kidogo kidogo, na nguvu hupungua bila kelele.

Magari mengi tunayonunua yametumika miaka mingi ng'ambo kabla ya kufika kwetu, na mara nyingi huja na silinda zake za zamani. Mnunuzi hukagua injini na matairi, akasahau buti. Zaidi ya hayo, gesi hupoteza msukumo kwenye baridi. Kutoka nyuzijoto 32 za mchana wa Oktoba hadi 15 za alfajiri ya Julai, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 6. Kwa hiyo buti lililosimama vyema mchana mbele ya muuzaji laweza kushuka alfajiri, mzazi akiwa ameinama kumtoa mtoto.

Tunawashauri mlijaribu buti asubuhi, kabla jua halijapanda. Lifungueni nusu: linapaswa kuendelea kupanda au kupandishwa kwa urahisi. Likiwa wazi kabisa, libonyezeni taratibu huku mmesimama kando. Likishuka lenyewe, au mkiona mafuta kwenye ufito, au mikwaruzo na kutu, silinda hizo zimekwisha.

Wengi wetu hapo hutafuta fimbo. Hatuwalaumu, kwa maana safari haingoji. Lakini fimbo huteleza upepo ukivuma au gari likitikiswa na mtu anayepakia, na buti huanguka bila kutoa ishara. Fimbo na iwe ya kufikia kwa fundi tu, isiwe kifaa cha kudumu.

Mnapokwenda kununua silinda nyingine, zingatieni mambo haya. Kwanza, someni maandishi ya silinda ya zamani. Namba inayofuatwa na herufi N ni kipimo cha nguvu. 350N ni sawa na kuinua takriban kilo 35. Yenye nguvu ndogo haitashika, na yenye nguvu kupita kiasi yaweza kupinda bawaba. Pili, pimeni urefu ikiwa imenyooka, na mtazame vishikizo vya ncha zote mbili. Tatu, badilisheni zote mbili kwa pamoja, kwa sababu iliyochoka humwachia mwenzake mzigo wote. Nne, rangi mpya si ushahidi wa upya: chunguzeni kama silinda imetobolewa au kuchomelewa. Wakati wa kubadilisha, mtu wa pili ashikilie mlango. Silinda ya zamani isitobolewe wala kutupwa motoni, kwani bado ina msukumo mkubwa.

Mwisho, daini risiti inayotaja kifaa na gari lilokusudiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyeuziwa kifaa kilichopakwa rangi kwa maneno kwamba ni kipya ana haki ya kulalamika, na risiti ndiyo itakayomsemea. Nanyi wauza vipuri, mkiuza kilichotumika, semeni kuwa kimetumika. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi.

Tukitoka hapa, kila mmoja akafungue buti lake na kulibonyeza. Ni kazi ya dakika moja, nayo yaweza kuokoa kichwa cha mtu wa nyumbani.