Kata na Makato

Msimu mmoja wa korosho nilipanda kutoka Masasi kwenda Newala kumsalimu mjomba. Nilimkuta na karatasi ya malipo, kidole kikiwa juu ya neno moja: makato.

"Mpwa wangu, panga hili kashika nani?"

Neno lenyewe si geni. Fundi cherehani hukata kitambaa, mwandishi huweka mkato, na wilaya nayo hukatwa mpaka zikapatikana kata. Newala yenyewe ilikatwa mwaka 1995, ikazaliwa Tandahimba. Ila mkataba, ingawa unafanana nayo, si wa ukoo huo. Huo umetoka Uarabuni pamoja na kitabu na katibu. Ukoo wa kuandika.

Hapo ndipo penye kero ya mjomba. Tangu stakabadhi ghalani ianze kwa korosho mwaka 2007, bei hupatikana mnadani, kisha hutolewa ushuru, usafiri, gharama za ghala. Mjomba hagombi kukatwa. Anataka kila mkato uandikwe. Karatasi yake ilikuwa na jumla tu! Tulikokotoa hadi magharibi, hesabu ikagoma.

Asubuhi aliikunja, akaenda nayo kwa katibu wa chama.