Undugu ni Kufaana



Wahenga walinena kwamba undugu ni kufaana, wala si kufanana. Hapa kwetu Simiyu, toka Busega hadi Meatu, neno hilo twalitumia katika palizi la pamba na katika misiba. Leo tulitazame katika damu.

Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner, mjini Vienna, alionyesha kwamba damu za wanadamu hugawanyika katika makundi. Makubwa ni manne: A, B, AB na O. Tofauti imo katika alama ndogo mno zilizo juu ya chembe nyekundu. Mwenye kundi A akitiwa damu ya kundi B, kinga ya mwili wake huzishambulia chembe hizo ngeni, naye aweza kufa. Ndiyo sababu hospitalini damu hupimwa kwanza.

Basi mama akijifungua hapa Bariadi akatokwa na damu nyingi, huenda ndugu zake wa tumbo moja wamemzunguka, wala damu ya hata mmoja wao isimfae; ikamfaa ya mgeni asiyejua Kisukuma. Damu haiulizi kabila wala ukoo. Hata Msamaria yule wa Injili hakuuliza.

Tena, akina baba, tuwe waangalifu. Mtoto hurithi kundi lake kwa wazazi wote wawili. Baba wa kundi A na mama wa kundi B waweza kumzaa mtoto wa kundi O, kwa kuwa kila mmoja wao aweza kubeba urithi wa O uliofichika. Tusimfukuze mke wala kumkana mtoto kwa sababu ya herufi iliyoandikwa kwenye cheti.

Damu hailimwi shambani wala haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu. Mwenye afya njema, aliyetimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50, aweza kujitolea: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Nayo hukaa katika jokofu kwa majuma machache tu, kisha huharibika. Kwa hiyo tusingoje hadi mgonjwa awe wa nyumbani kwetu. Tumfae leo tusiyemjua, ili kesho asiyetujua atufae sisi.

Mungu awabariki. Amina.