Simba wa Mpimbwe na Kauli ya Wazee

Msikilizaji, tukizungumzia ulinzi wa wanyama mkoani kwetu Katavi, mawazo hukimbilia kwa askari wa hifadhi na bunduki yake. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ina kilomita za mraba 4,471, lakini simba haujui mpaka wake. Akivuka usiku kuingia vijiji jirani vya Mpimbwe, uhai wake umo mikononi mwa mfugaji, majirani zake na wazee wao. Nasema wazee hao wana uwezo ambao askari hana, na ushahidi upo hapa hapa.

Kwa desturi ya Wasukuma, mwanamume aliyemuua simba hucheza. Hujivika viungo vya mnyama huyo akapita kwa ndugu na majirani, nao humtuza ng'ombe na zawadi nyingine kwa kuwa amewaondolea hatari. Ilikuwa shukrani ya jamii kwa mlinzi wa mazizi. Tuzo iliponoga, wengine wakaanza kumfuata simba porini, mbali na mifugo ya mtu yeyote. Emily Fitzherbert na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliyaeleza mageuzi hayo: kutoka kulipiza kisasi hadi kuwinda. Sasa tazama ni nani aliyekuwa akiumia. Simba, naam, lakini pia jirani aliyetoa mali yake kumshukuru mtu ambaye hakumlinda na chochote. Kwa hiyo viongozi wa Wasukuma walipokaa na mradi wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, haikuwa lazima kwanza wafundishwe kumpenda simba. Walikuwa na sababu yao wenyewe ya kuikataza tuzo ya mchezaji ambaye simba wake hakutishia watu wala mifugo, nao wakaikataza. Askari hufika simba akiwa ameshakufa. Kanuni hii inaiondoa sababu ya kumuua kabla mkuki haujatoka nyumbani.

Atatokea wa kuuliza: desturi ile ile iliyoua simba ndiyo tuikabidhi ulinzi? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba desturi hiyo ilikuwa na mpaka wake tangu mwanzo, kwani tuzo ilikuwa ya mlinzi. Wazee hawakuzua jambo geni, waliurudisha mpaka uliokuwa umerukwa. Kauli yao hufuatwa kwa sababu anayeikaidi atahitaji majirani hao hao siku ng'ombe wake watakapoibwa au nyumba yake itakapopata msiba. Faini ya mahakamani haina uzito huo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Mfugaji aliyepoteza ndama hali kauli ya wazee. Kifuta jasho cha serikali kipo, ila jina lenyewe linakiri kwamba si fidia. Ndiyo maana napenda kuitazama Wilaya ya Tanganyika, kwenye misitu ya Ntakata wanakoishi sokwe. Huko vijiji vinane vimetenga misitu ya vijiji na kuuza hewa ya ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Mapato yake, mabilioni ya shilingi, yamejenga madarasa na zahanati na kuwalipa walinzi wa msitu waliotoka vijijini humo. Tunaambiwa fedha nyingi hivyo zitaliwa na wachache. Zinaweza kuliwa, kama za halmashauri au za wizara zinavyoweza. Tofauti ni kwamba mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi, na mwanakijiji anayeliona darasa halijaezekwa anajua amuulize nani. Mpimbwe wana kanuni inayomlinda simba, ila wanahitaji pia pato linalomfuata simba huyo.

Na kuna mahali ambapo baraza la kijiji kimoja halitoshi, nalo ni Mto Katuma. Maji yakichepushwa huku juu kwenda kwenye majaruba ya mpunga, viboko wa hifadhini hubanana topeni kiangazi. Anayefungua mfereji na anayekosa maji hawakai mkutano mmoja. Wazee wa pande zote mbili waitwe sasa, kabla masika hayajaisha, wakati maji bado yapo ya kugawana.