Sahani Iliyosogezwa: Lugha ya Mapenzi ya Makamo katika Futuhi za Kiswahili



Mada niliyoichagua huenda ikaonekana nyepesi kwa ukumbi kama huu: futuhi za mapenzi zinazowahusu mume na mke wa makamo. Ninakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa juu juu tu, na kwamba tukiendelea kuudharau tutapoteza sehemu ya lugha yetu ambayo haijaandikwa popote.

Swali langu lilizaliwa Magamba, kata ya Mpanda, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Mpanda ni mji uliokuzwa na madini na reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Watu wa lugha nyingi walikutana hapo, na kwa waliooana wakiwa wa makabila tofauti, Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ya nyumbani pia. Jioni moja tulikaa uani kwa jirani mwenye televisheni na jenereta, tukitazama kichekesho cha mume na mke waliokwisha kula chumvi nyingi. Mume alirejea usiku, akatunga uongo mrefu kuhusu alikokuwa. Vijana waliangua kicheko. Akina mama waliokaa mkekani walinyamaza. Walicheka baadaye, mke alipomaliza kufoka, akafunua chakula na kumsogezea mumewe sahani bila kutamka neno. Kwa nini walicheka hapo, mahali ambapo hapakuwa na mzaha wowote?

Hoja yangu ni hii: katika futuhi za aina hii mapenzi hayasemwi kwa msamiati wa mapenzi. Yamo katika majina ya kuitana, katika utani, na katika ugomvi unaoujua mpaka wake.

Tangu enzi za Menander wa Ugiriki na Plautus wa Roma, futuhi nyingi za mapenzi zimejengwa juu ya vijana wawili, mzazi anayewazuia, na harusi inayofunga mchezo. Hata pale Nancy Meyers wa Marekani, katika filamu yake ya mwaka 2003, alipowapa Diane Keaton na Jack Nicholson nafasi ya wapendanao waliovuka miaka hamsini, watu hao walikuwa wanakutana upya. Futuhi ninayoizungumzia huanza pale ngoma za harusi zilipokwisha kunyamaza. Mume na mke hawana siri kubwa ya kugunduliana. Wana mazoea, madeni, watoto na majirani. Mvuto wake hautokani na swali la kama watapatana, bali na namna watakavyopatana leo tena.

Fikra hiyo si ngeni katika fasihi yetu. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, anajulikana zaidi kwa mawaidha ya utii. Lakini mshairi huyo, aliyekuwa mjane na mgonjwa, anamweleza bintiye pia kwamba yeye na marehemu mumewe waliishi kwa furaha na kicheko. Anamshauri vilevile amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Wasomaji wengi wameona hapo unyenyekevu mtupu. Mimi nasikia pia sauti ya mwanamke mzima anayemfahamu mwanamume vizuri mno.

Sauti hiyo ilipata jukwaa la kisasa katika *Vitimbi*, mchezo wa televisheni ya taifa ya Kenya. Benson Wanjau aliigiza Mzee Ojwang', na Mary Khavere akaigiza Mama Kayai. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili cha Ojwang' kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo. Watazamaji wengi waliamini kwamba wawili hao ni mke na mume kwelikweli, ingawa hawakuwa. Tulitazame jina lenyewe: Mama Kayai. Mke haitwi kwa jina lake wala kwa neno la mahaba. Anaitwa kwa uzazi wake. Kidarasa tungesema ni jina la heshima, tukaishia hapo. Katika kinywa cha mume wa makamo, hata hivyo, jina la namna hiyo ni lalamiko, ombi, onyo au samahani, kutegemea kiimbo. Neno moja hufanya kazi ya sentensi nne.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2012. Katika tamasha lililokusanya tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37 katika ukumbi wa Globe, London, Kiswahili kiliwakilishwa na *Wanawake wa Heri wa Winsa*, tafsiri ya Joshua Ogutu, iliyochezwa na kundi kutoka Kenya. Mtanzania Mrisho Mpoto aliigiza Falstaff, mzee anayewaandikia wake wawili wa watu barua za mapenzi zinazofanana. Wanawake hao hawalii wala hawakimbilii kwa waume zao. Wanamwadhibu kwa werevu, na papo hapo wanamtibu mume mmoja ugonjwa wa wivu. Kijana na mchumba wake wamo pia, lakini kicheko kimeshikwa na wanawake waliokomaa.

Wapo watakaosema kwamba vichekesho hivi hufunika maonevu ya ndoa. Pingamizi hilo ni la haki, na baadhi ya vichekesho vinastahili lawama hiyo. Kipimo chetu na kiwe utani wenyewe. Utani ni wa pande mbili: anayetaniwa ana haki ya kujibu. Pale anapocheka mmoja tu, huo si utani tena, ni kejeli. Sasa twaweza kurudi Magamba. Sahani ile haikuwa utii. Mke alikuwa ameusikia uongo, ameupima, na amemjulisha mumewe kwamba ameupima. Sahani ilikuwa jibu lake, na akina mama waliielewa kabla yetu.

Ndugu Mwenyekiti, sehemu kubwa ya mazungumzo ya vichekesho vyetu haikuandikwa. Waigizaji waliyabuni papo kwa papo, na kanda zilizoyahifadhi zinaharibika. Said Ngamba, yaani Mzee Small, alifariki mwaka 2014. Wanjau mwaka 2015. Amri Athumani, yaani King Majuto, mwaka 2018. Tumeyafanyia uchambuzi mashairi ya mahaba kwa miongo mingi. Nawaomba wanafunzi mlio hapa mchukue pia kanda hizi, mziandike neno kwa neno, pamoja na viimbo na vituo vyake, kabla hazijanyamaza. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Ni wajibu wa taaluma yetu kueleza wanapatana kwa lugha gani.