Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano wa Mwaka: Juu ya Kompyuta Zinunuliwazo Ng'ambo



Kila mwaka mkutano huu hutuuliza swali moja: kwa nini fedha za Chama zinunue kompyuta za kupakata katika maduka ya Nairobi, ilhali watoto wetu wako Minnesota, Texas na Dubai, ambako twaambiwa bei ni nafuu? Mwaka uliopita tuliitika. Tuliwaandikia wenzetu wa Minnesota, ambako Abagusii ni wengi, hasa katika mji wa Brooklyn Park, nao wakatununulia kompyuta nne kwa ajili ya wanafunzi wetu. Leo twawaletea habari za yaliyotokea, mema na mabaya, kwa kuwa fedha zilikuwa zenu.

Hofu ya kwanza ya wazee ilikuwa umeme. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, na wetu ni wa volti 240. Je, vyombo havitaungua? Havikuungua. Juu ya chaja ya kompyuta pana maandishi madogo sana, ambayo mzee hana budi kumwita mjukuu amsomee, nayo husema 100–240 V, 50/60 Hz. Chaja yenye maneno hayo hujirekebisha yenyewe, huku na huko. Kisichoingia ni plagi tu, kwa sababu ya Marekani ina vichwa bapa na yetu ni ya vichwa vitatu kama ya Uingereza. Tulinunua nyaya mpya zenye plagi ya hapa na fyuzi ndani yake, nazo hazikutugharimu sana. Watoto walio Dubai hawana shida hii, maana plagi ya kule ni kama yetu.

Lakini mmoja wa watoto wetu, kwa ukarimu wake, alikuwa ameongeza mashine ya kuchapia. Hiyo iliandikwa volti 120 peke yake. Kabla hatujaisoma, mwenzetu mmoja aliichomeka kwa adapta, akidhani kwamba adapta hupunguza umeme. Adapta haipunguzi kitu. Hugeuza umbo la plagi basi. Moshi ulijaa ofisini, na mashine ile iko chini ya meza hata leo.

Tena, nchi yetu hii ya vilima ni nchi ya radi, na hakuna chaja ya Marekani wala ya Ujerumani iliyotengenezwa kustahimili radi ya Kisii. Wingu likikusanyika, chomoeni. Kompyuta ina betri yake, itaendelea na kazi.

Juu ya herufi hatuna mengi. Kibodi ya Marekani yasomeka vizuri. Wanaoleta za Ujerumani wajue kwamba Y na Z zimebadilishana mahali, na mwanafunzi ataudhika siku nyingi.

Sasa twaja kwenye jambo linalotuuma. Kompyuta tatu zilikuwa mpya, nazo zafanya kazi. Ya nne ilikuwa imetumika, nasi ndio tulioiomba, kwa tamaa ya bei. Kule ng'ambo iliwashwa ikawaka, fedha zikalipwa. Ilipofika hapa tulifuta yaliyomo ili kijana aanze upya. Mara ilipounganishwa na intaneti, ikadai jina na neno la siri la kampuni ambayo hatujapata kuisikia. Ilikuwa bado imo katika daftari la kampuni ile, na fundi wetu hakuweza kuifungua. Hatusemi kwamba iliibwa. Yawezekana kampuni iliuza vyombo vyake vikuukuu ikasahau kuvifuta katika daftari. Muuzaji aliandikiwa mara tatu, hakujibu. Kijana, ambaye yuko Chuo Kikuu cha Kisii, aliandika kazi yake ya mwisho katika duka la intaneti mjini, akilipia kila saa, akaiwasilisha ikiwa imechelewa. Kosa ni letu. Ilipasa kompyuta ifutwe na kuanzishwa upya kule kule, mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa hata senti moja. Tena tungeuliza kama dhamana yake yatambulika Kenya, maana dhamana nyingine huishia katika nchi ya mauzo.

Na ile nafuu ya bei? Bei ya Marekani hutangazwa bila kodi. Kompyuta ya dola 400, kwa kodi ya jimbo la Minnesota ya 6.875 kwa mia, huwa dola 427.50, na miji mingine huongeza yake. Uingereza nako, tangu mwanzo wa 2021, msafiri harudishiwi kodi ya bidhaa alizonunua dukani akazibeba. Kisha kuna forodha yetu. Wengi wenu mwakumbuka manung'uniko ya Novemba 2023, Mamlaka ya Mapato ilipowakumbusha wasafiri juu ya kiwango cha dola 500. Sheria hizi hubadilishwa, kwa hiyo anayesafiri na aulize kwanza, aweke risiti karibu. VAT ya kawaida ya Kenya ni 16 kwa mia. Ikitozwa juu ya kodi ya kule, nafuu yabaki kidogo mno.

Sisi katika Kamati hatukukubaliana wote, na ni vizuri mjue hivyo. Walio wengi wasema kompyuta mpya ziletwe na mwanachama anayesafiri kwa shughuli zake, azibebe mkononi ndani ya ndege. Zilizotumika zinunuliwe hapa nchini, ambapo twaweza kumrudia muuzaji kwa miguu yetu.

Yule kijana bado hana kompyuta. Twaomba ruhusa ya mkutano huu tumnunulie moja hapa mjini Kisii kutoka Mfuko wa Elimu kabla ya muhula kufunguliwa. Mweka Hazina atasimama sasa ataje kiasi.