Kerezo la Kujiundia Juu ya Mashine Ndogo ya CNC

Mada iliyotolewa katika kikao cha wakufunzi wa vyuo vya ufundi stadi na mafundi wa jua kali



Bushi ya mashine ya posho ikilika wakati wa mavuno, foleni ya watu wenye mahindi hurudi nyumbani bila unga. Bushi yenyewe ni kipande cha shaba kinachoenea kiganjani, na kukikereza ni kazi isiyomaliza saa moja. Kinachomaliza siku mbili ni safari ya kwenda mjini kwenye kerezo, kungoja zamu na kurudi. Hali ni hiyo hiyo kwa shafti ya pampu ya maji, pini ya mkokoteni na puli ya mashine ya kukata nyasi za ng'ombe.

Wakati huo huo, zipo karakana zenye mashine ndogo ya CNC ya kuchonga. Mashine hiyo huchonga mabango na majina, kisha hufunikwa gunia hadi kazi nyingine ije. Mada ya leo inaeleza jinsi mashine kama hiyo inavyoweza kuongezewa kifaa cha kukerezea, kifaa ambacho fundi anaweza kukiunda mwenyewe, na pia inaeleza mipaka ya kifaa hicho. Tangu Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo swali la mashine gani inunuliwe, na gani iundwe papa hapa, ni swali la wananchi wa kaunti wenyewe.

Tofauti ya kuchonga na kukereza

Kwenye mashine ya kuchonga, kisu ndicho kinachozunguka na kazi imefungwa mezani. Kwenye kerezo ni kinyume: kazi huzunguka, kisu kimekaa imara na kusogezwa taratibu. Mwingereza Henry Maudslay alijulikana duniani yapata mwaka 1800 kwa kerezo lililoshika kisu kwenye kitoroli cha chuma kinachosukumwa kwa skrubu, badala ya kushikwa kwa mkono. Mashine ya CNC tayari ina skrubu hizo katika mihimili mitatu: X kwa urefu wa meza, Y kwa upana wake, na Z kwa kupanda na kushuka. Inachokosa ni kitu cha kushika kazi na kuizungusha. Hicho ndicho fundi anachotakiwa kuunda.

Kabla ya kuanza, mashine yenyewe ipimwe. Mashine nyepesi zenye fremu ya alumini na mota ndogo ya kuchongea mbao zinafaa kukereza mbao, plastiki na labda shaba ya manjano kwa kisu chembamba. Zikipewa chuma, hutetemeka na kuacha mistari kama ya msumeno. Ya kukerezea chuma ni ile yenye nguzo na meza za chuma cha kalibu. Njia rahisi ya kupima ni kuweka saa ya kupimia kati ya meza na kichwa cha mashine, kisha kukisukuma kichwa kwa mkono. Mshale ukiruka sana kwa nguvu ya mkono mmoja, utaruka zaidi kisu kikigusa chuma.

Kichwa cha kuzungushia kazi

Sehemu ya kwanza ni bamba la chuma lenye unene wa milimita 15 au zaidi, linalofungwa mezani kwa bolti. Juu yake husimama nyumba ya beringi mbili. Beringi za koni, kama zile za magurudumu ya gari, ndizo bora kwa sababu zinabeba mzigo wa pembeni na wa kusukuma kwa pamoja. Huwekwa zikitazamana kinyume, kisha nati ya nyuma hukazwa mpaka shafti isicheze lakini bado izunguke kwa mkono. Baada ya kuizungusha kwa robo saa, fundi huzima mashine na kuigusa nyumba ya beringi. Ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuweka mkono, nati imekazwa kupita kiasi.

Mbele ya shafti hufungwa chaki ya taya tatu, au kishikio cha koleti. Koleti za aina ya ER32 hushika vipande vya kuanzia milimita 2 hadi 20, na kwa kazi ndogo hushika sawasawa kuliko chaki ya bei nafuu. Chaki ya milimita 80 inatosha kwa kazi nyingi za kijijini. Kubwa zaidi ya hapo huzidisha uzito mezani.

Hapa fundi huuliza: flanji ya kushikia chaki itakerezwa wapi, ikiwa kerezo halipo? Jibu ni kwamba kifaa hujikereza chenyewe. Flanji hukatwa kwa makadirio, ikachomelewa kwenye shafti, kisha shafti hufungwa kwenye beringi zake, ikazungushwa, na kisu kilichofungwa kwenye kichwa cha mashine kikaiparura mpaka iwe duara na sawa. Uso uliokatwa hivyo utakuwa sawa na mhimili wa shafti kuliko flanji iliyokerezwa kwingine na kuletwa. Ila kuchomelea kufanywe kabla ya beringi kuingizwa, kwa sababu umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi huziharibu.

Mota na mwendo

Mota ya nusu farasi, yaani takriban wati 370, inatosha. Mota ya kawaida ya aina hiyo kwenye umeme wa hati 50 huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika. Mwendo huo ni mkali mno kwa chuma. Puli ya milimita 50 kwenye mota na ya milimita 175 kwenye shafti hupunguza mizunguko hadi 400.

Kwa nini 400? Kisu cha chuma cha kasi hupenda chuma laini kipite mbele yake kwa mita 25 hadi 30 kwa dakika. Fundi huchukua kasi hiyo, akazidisha kwa 1,000, kisha akagawanya kwa kipenyo kilichozidishwa kwa 3.14. Kwa kipenyo cha milimita 20 na kasi ya mita 25, jibu ni mizunguko 398. Kipenyo kikiongezeka, mizunguko ipunguzwe. Alumini na shaba ya manjano zinavumilia mwendo mkubwa zaidi, kwa hiyo ni vizuri kuwa na puli zenye ngazi mbili au tatu.

Kisu na kulinganisha

Kisu hufungwa kwenye kichwa cha mashine, ubavuni mwa spindo, kikielekea chini juu ya kazi. Wengine hukifunga ndani ya spindo yenyewe na kuifunga isizunguke. Njia hiyo hutumika, lakini hubebesha beringi za spindo mzigo zisiouzoea. Kisu kikikaa hivyo, X hukata kwa urefu wa kazi, Z huamua kina, na Y hukiweka kisu juu ya katikati kabisa ya kazi.

Kulinganisha ndiko kunakotenganisha kifaa na mapambo. Chuma kilichonyooka, chenye urefu wa zaidi ya milimita 100, hushikwa kwenye chaki. Saa ya kupimia hufungwa kwenye kichwa cha mashine, ncha yake ikigusa juu ya chuma, kisha meza husogezwa milimita 100 kwa X. Shafti huzungushwa nusu mzunguko, kipimo kikarudiwa, na wastani wa vipimo viwili ukachukuliwa, ili kasoro ya chaki isichukuliwe kuwa kasoro ya kifaa. Ikiwa mshale umesogea kwa mia-tano za milimita, yaani 0.05, kazi itatoka na mkonyo wa 0.10, kwa kuwa kosa la kina huhesabiwa mara mbili kwenye kipenyo. Dawa ni kuweka kipande chembamba cha bati chini ya bamba. Kosa dogo la ubavuni, upande wa Y, halina madhara makubwa kama hilo. Kwa hiyo juhudi ya kwanza iwe ya juu na chini.

Hesabu ya kazi moja

Shafti ya milimita 25 inatakiwa ipunguzwe hadi 20 kwa urefu wa milimita 60. Kipenyo kinapungua milimita 5, lakini kisu kinashuka 2.5 tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu kazi ya kwanza: wanaiambia mashine ishuke 5, na shafti inatoka ikiwa na 15. Kisu kikishuka robo milimita kila mkato, mikato ni 10. Mwendo wa kisu ukiwa milimita 0.1 kwa kila mzunguko na mizunguko ikiwa 400, meza inatembea milimita 40 kwa dakika. Mkato mmoja ni dakika moja na nusu, na kazi nzima ni dakika 15 na muda wa kurudisha kisu.

Kerezo kubwa lingeimaliza kwa mikato miwili. Lakini shafti ya pili, ya tatu na ya ishirini zitatoka kwa kipimo kile kile bila mtu kuzungusha gurudumu, kwa sababu programu ni ile ile.

Programu za bure zipo. Grbl hufanya kazi kwenye bodi ndogo ya Arduino Uno na huendesha mihimili mitatu vizuri, lakini haiwezi kukata parafujo kwa kisu kimoja, kwa kuwa haifuati mzunguko wa shafti. LinuxCNC inaweza, mradi shafti iwekewe kifaa cha kuhesabu mizunguko. Kwa anayeanza, parafujo ikatwe kwa dai ya mkono, kazi ikiwa imeshikwa kwenye chaki na mota imezimwa.

Mipaka

Kipande kinachochomoza nje ya chaki zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake kitajipinda mbele ya kisu, isipokuwa kishikwe upande wa pili kwa ncha ya kuegemeza. Kukata kipande kutoka kwenye chuma kirefu kwa kisu chembamba ni kazi inayokikwamisha kifaa hiki mara kwa mara. Afadhali msumeno. Ngoma za breki na shafti za trekta zisijaribiwe kabisa. Na karakana inayoweza kupata kerezo kuukuu zima kwa bei inayolingana na vifaa hivi, inunue kerezo. Kifaa cha kujiundia kina faida pale ambapo mashine ya CNC ipo, kerezo halipo, na kazi za mtaani ni ndogo ndogo.

Usalama

Kerezo halisamehe. Kitambaa cha mkono, kamba ya shingoni, leso au nywele ndefu zikigusa chaki inayozunguka, mtu huvutwa kabla hajafikia swichi. Glavu zisivaliwe, kwa sababu ndizo huvuta vidole. Miwani ivaliwe wakati wote. Ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata kwa nukta moja. Mkono unaoushika ndio unaoutoa. Vinyweleo vya chuma viondolewe kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa.

Mambo matatu yawekwe kabla ya mota kuwashwa kwa mara ya kwanza. La kwanza ni kinga ya bati juu ya mkanda na chaki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai sehemu hatari za mashine zikingwe, na karakana ndogo haijaachwa nje. La pili ni swichi nyekundu ya dharura inayozima mota ya chaki na mihimili yote kwa pamoja. Ikizima mihimili peke yake, chaki itaendelea kuzunguka. La tatu ni swichi inayobaki imezimwa stima inapopotea. Stima hukatika, mwanafunzi husogea kufungua kazi, na stima hurudi bila hodi. Mashine isianze mpaka mtu abonyeze mwenyewe. Waya wa ardhi ufungwe kwenye bamba, na uunganishaji wote ukaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni.

Pa kuanzia

Chuo kinachotaka kujaribu kianze kwa kukagua mashine kiliyonayo, kisha kiorodheshe vipuri ambavyo wananchi wa wadi huvileta au huvifuata mjini: vipenyo vyake, urefu wake na madini yake. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kama kifaa hiki kinafaa hapo au la. Kipande cha kwanza kiwe cha mbao ngumu, cha pili cha alumini, cha tatu cha shaba. Chuma kifuate vipimo vikishatulia. Mwenda pole hajikwai.

Kijana aliyekiunda kifaa hiki atakuwa amejifunza beringi, mikanda, vipimo, umeme na programu kwa kazi moja. Na siku bushi ya mashine ya posho itakapolika, foleni itangoja saa moja tu.